Dole la Mwalimu Shaibu

Ukifika Irundwi, kwenye vilima vya Kondoa, usije ukamwomba mtu mzima aweke dole gumba kwenye karatasi. Atakutazama kuanzia kiatu mpaka kofia, halafu atakuuliza ni nani aliyekwambia kwamba yeye hakusoma. Hata wale vijana wa kusajili laini za simu, na vimashine vyao vya alama za vidole, walipata taabu hapa. Bi Rukaya aliwaambia, "Kidole nitakupeni kwa sababu mashine yenu haijui kusoma. Lakini nitasaini pia, tena juu yake." Ikabidi watafute daftari, wapige mstari, bibi asaini, ndipo wakaruhusiwa kuondoka.

Aliyewatia watu kiburi hicho ni Shaibu. Mpaka leo wanamwita Mwalimu, ingawa hakuna mwezi hata mmoja aliowahi kulipwa mshahara wa ualimu. Sasa ni mzee wa miaka sabini, mwembamba, ana shamba la alizeti upande wa korongoni na miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio la kushoto. Lakini habari hii inaanza akiwa kijana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa amemaliza darasa la saba, Uhuru ulikuwa na miaka kumi na tatu, na nchi ilikuwa imesema kila mtu mzima asome.

Darasa lake lilikuwa kwenye baraza la ghala la kijiji. Saa kumi jioni watu walitoka shamba na vumbi lao, wanawake na watoto mgongoni, wanaume na majembe ambayo hawakutaka kuyaacha nje yakaibiwa. Magharibi ikikaribia, iliwashwa taa ya karabai iliyoletwa kutoka ofisi ya kata. Shaibu alianza na majina. Alimwandikia kila mtu jina lake ubaoni, mtu akaliiga chini kwa kijiti mpaka mkono ukalizoea. Na kila jina alilitia mkia, mstari mrefu unaotoka herufi ya mwisho na kurudi chini ya jina zima. "Mkia huu," aliwaambia, "ni wa kuziba nafasi, mtu asije akakuongezea neno." Ndiyo maana ukiona orodha yoyote ya Irundwi utadhani imesainiwa na ukoo mmoja. Hata wajukuu wanapiga mkia ule bila kujua ulikotoka.

Siku mtu alipoweza kuandika jina lake bila kuangalia ubao, darasa zima lilishuka mpaka mtoni. Mto wenyewe ni wa mchanga, miezi minane hauna maji juu. Walifukua shimo kwa mikono, maji yakachuruzika, na mhitimu akasugua dole gumba lake la kulia kwa mchanga ule mpaka likapauka, vigelegele vikipigwa. Kuosha dole, ndivyo walivyoiita. Aliyeosha dole hakurudi tena kwenye wino. Mama yake Shaibu aliosha, Rukaya aliosha akiwa bado binti mbichi aliyeolewa juzi, na mzee Mudrick fundi wa mizinga ya nyuki aliosha akalia machozi mbele za watu.

"Kusaini ni mlango tu," Shaibu aliwaambia. "Tukimaliza kuunganisha herufi mtasoma barua zenu, mtasoma hesabu za ghala, mtasoma kila kinachoandikwa juu yenu." Aliwaambia hivyo kwa sababu aliamini. Na wao walimwamini yeye.

Wakafika ukurasa wa kumi na nne wa kitabu cha kusomea.

Hapo karabai iliazimwa na katibu wa kata kwa harusi ya binti yake, na harusi ilipokwisha taa ikabaki sebuleni kwa katibu. Vitabu vya awamu ya pili vilifika kata, Shaibu alithibitisha kwamba vilifika, lakini havikuteremka hadi Irundwi. Siku moja alinunua karanga mnadani akakuta zimefungwa kwa ukurasa wa ishirini na mbili. Akapiga mguu mpaka kata, karanga mkononi.

Katibu alimtazama kwa huruma. "Kijana, tuliagizwa watu wajue kuandika majina. Irundwi wamejua, tena wote. Nimeshapeleka taarifa kwamba ujinga umefutwa kwenu. Sasa unataka niseme umerudi?"

Akampa cheti. Shaibu akarudi na cheti na karanga, akawaambia wanafunzi wake, "Tutaendelea mvua zikiisha."

Mvua zimeisha mara hamsini tangu siku hiyo. Katika miaka hiyo Shaibu aliwaandikia watu barua na kuwasomea majibu, akaoa, akazika mke, akalea binti yake Munira. Alipoombwa kusoma alisoma. Asipoombwa hakuuliza, maana mtu aliyeosha dole huona aibu kusomewa, na Shaibu hakutaka kumwaibisha mtu. Hilo ndilo kosa lake, kama unataka kulijua mapema. Lakini tuliendee taratibu.

Mwaka jana, alizeti zikiwa zimeshavunwa, mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba kuna vyandarua. Mwenyekiti anaitwa Habibu, mtoto wa yule yule mzee Mudrick aliyelia mtoni. Ni mtu mchangamfu, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya kuvuna. Vyandarua, alisema, vimetolewa na mheshimiwa mmoja mpenda maendeleo, na kila kaya ipeleke mtu mzima aje asaini.

Foleni ilizunguka ofisi ya kijiji. Habibu alipomwona Shaibu akapaza sauti, "Shikamoo Mwalimu! Njoo huku mbele, wewe husimami foleni bwana."

"Marahaba. Niache nisimame. Nikikaa, magoti yatadhani tumefika nyumbani."

Watu wakacheka, wakampisha hata hivyo. Mezani kulikuwa na karatasi ya mistari. Sehemu yake ya juu ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa jiwe isipeperuke. Upepo ulikuwapo kweli, kwa hiyo hakuna aliyelishangaa jiwe.

"Miwani nimeiacha kitandani," alisema Shaibu. "Nisaini wapi?"

"Namba tatu, Mwalimu. Tena usisahau mkia wetu!"

Akasaini, akapiga mkia. Waliokuwa nyuma yake, wakiwamo vijana waliofika kidato cha nne, walimwona Mwalimu amesaini, nao wakasaini. Kila mmoja akaondoka na chandarua kwapani.

Baada ya miezi miwili wanawake waliokwenda kuteka maji kwenye chemchemi ya Mlima Kirasa walikuta mawe yamepakwa misalaba ya rangi nyekundu. Mlima ule ndio unaoinywesha Irundwi. Hakuna bomba lingine wala bwawa. Wakauliza ofisini, wakaambiwa ni watu wa ramani. Munira hakuridhika. Yeye anauza chapati na vocha barabarani, na ana rafiki anayefanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi mjini Kondoa. Jioni moja alimpelekea baba yake simu, picha ikiwa imeshafunguka.

"Baba, vaa miwani."

Ulikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Ulisema wananchi wa Irundwi wameridhia kwa kauli moja kumpa mwekezaji Mlima Kirasa wote, pamoja na chemchemi yake, apasue mawe na kusaga kokoto kwa miaka thelathini na mitatu. Chini yake kulikuwa na majina, mistari kwa mistari, kila moja na mkia wake. Namba tatu ilikuwa Shaibu.

Alilisogeza lile jina kwa kidole kwenye kioo, akalikuza mpaka likajaa simu nzima.

"Ni wewe?" aliuliza Munira.

"Ni mimi."

Habibu alikuja kesho yake na kilo mbili za sukari, akaketi kwenye kigoda kama mtoto wa nyumbani, na kweli alikuwa mtoto wa nyumbani.

"Mwalimu, Dodoma inajengwa," alianza. "Maghorofa, barabara, ofisi. Vyote vinataka kokoto. Sisi hapa tumekalia mawe tu."

"Na maji tutayatoa wapi?"

"Watatuchimbia kisima."

"Imeandikwa?"

Habibu akajikuna shingo. "Imesemwa."

Shaibu akaitazama ile sukari. Kisha akasema, "Baba yako alikuwa na haya sana. Aliosha dole akalia. Habibu mwanangu, si ungetuomba huo mlima mkutanoni, tukukatalie uso kwa uso?"

"Ndiyo maana sikuomba." Habibu alicheka, halafu akaona mzee hacheki, akashusha sauti. "Usinichukie, Mwalimu. Mimi nimekua nikiwaona. Ninyi mnasaini kama watu wanaokunywa dawa chungu, mnafumba macho. Kabla yangu wenyeviti wanne wamewasainisha. Mahindi ya msaada mlisaini, mkapata nusu. Bati za zahanati mlisaini, zahanati iko wapi? Nani aliuliza? Mimi angalau nimewapa vyandarua." Akainuka, akapangusa suruali. "Alhamisi anakuja afisa ardhi. Atauliza kama sahihi ni zenu. Na ni zenu."

Sukari aliiacha. Munira akamkimbilia nayo mpaka njiani, akaiweka kwenye pikipiki yake bila kusalimu.

Aliporudi alikuwa ameshapata la kufanya. "Baba, sema imeghushiwa. Basi. Wewe ukisema namba tatu si yako, orodha nzima imeanguka. Wewe ndiye uliyetufundisha wote, nani atakubishia? Habibu atathibitisha nini?"

Shaibu aliliwaza hilo siku hiyo, na siku iliyofuata. Nisikufiche, alitamani. Alikaa na daftari akajaribu kuandika jina lake vibaya, bila mkia, ili akiambiwa aonyeshe sahihi yake ya kweli aonyeshe hiyo. Mkono ukakataa. Kila alipofika mwisho wa jina, mkia ulikuwa umeshatoka.

Jumatano jioni akamwita binti yake. "Nikisema si langu, kesho kila mtu itabidi aseme la kwake si lake. Rukaya aseme si lake. Munira, katika yote niliyowaahidi watu hawa, lililobaki ni jina. Nisimame mbele ya serikali niwafundishe kulikana?"

"Sasa mlima uende?"

"Sijui."

"Hujui!" Munira alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. "Baba, kiburi chako hakitekwi kwa ndoo."

Alisema hivyo akaenda kukanda. Shaibu alikaa palepale, maana neno hilo lilikuwa limempata.

Alhamisi saa nne watu walijaa uwanja wa shule. Habari ya mlima ilikuwa imeshaenea nusunusu. Wengine walisema umeuzwa, wengine umekodishwa, wengine ni mti mmoja tu utakatwa. Afisa ardhi, Bwana Lameck, alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alitoa kwenye mkoba fomu, kalamu na kidau cha wino.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimekuja kwa ajili ya uthibitisho. Wote waliosaini muhtasari watasaini na fomu hii mbele yangu. Kama kuna watakaoweka dole gumba waje mwanzo, kwa sababu hao nina utaratibu wao."

Habibu akasimama. "Afisa, hicho kidau kirudishe mkobani. Irundwi hatuna mtu wa dole!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Walipiga makofi, nakwambia, na Shaibu akiwa pale mbele anayasikia.

"Kwa hiyo," Habibu aliendelea akiwageukia watu, "andikeni majina kwanza, mwenye malalamiko ataandikwa baadaye." Watu waliokuja na malalamiko wakafurahi kusikia kwamba wataandikwa. Foleni ikajipanga yenyewe. Shaibu aliwekwa wa kwanza, na nyuma yake Bi Rukaya na mkongojo wake.

Bwana Lameck alifunua orodha ya zamani. "Shikamoo mzee. Hii namba tatu, sahihi hii ni yako?"

Munira alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani. Shaibu hakumtazama.

"Marahaba. Ni yangu."

"Uliisoma karatasi kabla ya kusaini?"

"Sikuisoma. Nilidhani ni ya vyandarua."

Mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikasambaa. Mwalimu hakusoma! Habibu hakucheka. Alikuwa anatazama saa.

"Mzee wangu," Bwana Lameck alisema kwa upole, "unanipa kazi ngumu. Mtu wa sahihi sisi tunachukulia kwamba amesoma. Lingekuwa dole hapa, ningeuliza ni nani aliyemsomea, alisomewa lini, na shahidi alikuwa nani. Mtu wa dole haandikwi popote mpaka asomewe kila neno kwa sauti. Ndiyo utaratibu. Lakini kwa sahihi siulizi."

Shaibu alisimama akiwa amelielewa neno hilo mpaka mwisho wake. Miaka hamsini. Wazee wake wa dole gumba, wale aliowaonea huruma, walikuwa wakisomewa. Yeye aliwaosha vidole, akawatoa huko, akawaacha katikati ya kitabu, mahali ambapo hawasomewi wala hawasomi.

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati. Aliigusa, akaiacha humohumo.

"Basi niletee wino," alisema.

"Wino?"

"Leo mimi ni mtu wa dole. Nisomee. Kwa sauti, na shahidi awe uwanja wote huu."

"Mwalimu!" Bi Rukaya alimvuta shati kwa nyuma. "Umechanganyikiwa? Watu wanakuona!"

"Waache waone, Rukaya."

Habibu alifika mezani kwa hatua mbili. "Afisa, mzee huyu anasoma kuliko mimi na wewe. Anatuchezea."

"Inawezekana," alisema Bwana Lameck, akimtazama mwenyekiti kwa mara ya kwanza muda mrefu kidogo. "Lakini ameomba wino."

Akafungua kidau. Shaibu akabonyeza dole lake la kulia, dole alilolisugua kwa mchanga kuwaonyesha njia kabla ya mtu mwingine yeyote Irundwi, likatoka jeusi. Alilishika juu mbele ya kifua akasubiri. Na afisa akasoma. Alisoma tarehe ya mkutano ambao haukuwahi kufanyika. Alisoma kwamba wameridhia kwa kauli moja. Alisoma Mlima Kirasa wote. Alisoma pamoja na chemchemi yake, na hapo ikabidi asimame kidogo kwa sababu ya sauti za wanawake. Alisoma miaka thelathini na mitatu. Akasoma na fomu mpya, iliyosema kwamba mimi niliyeweka jina hapa chini nilikuwapo na niliridhia.

"Sasa, mzee," alimaliza. "Kama umeridhia, weka dole hapa."

"Sijaridhia."

"Na wino umeshaushika."

"Utaoshwa. Napajua pa kuuoshea."

Fomu ile ilirudi wilayani haina jina hata moja, na Bwana Lameck aliandika pembeni yake kwamba mkutano uitishwe upya na kila kitu kisomwe hadharani. Habibu bado ni mwenyekiti. Rangi nyekundu bado iko kwenye mawe, na siku hizi watu husema mwekezaji ameonekana kijiji cha pili. Sitakudanganya kwamba mlima umepona. Lakini ninachotaka ukikumbuke ni kilichofuata palepale, Shaibu alipopisha.

Bi Rukaya alisogea mezani. Bwana Lameck, kwa nia njema, akamsogezea kidau.

"Wino siutaki," alisema bibi.

"Sawa, bibi. Basi umeshasikia nilivyosoma. Umeridhia au hukuridhia?"

"Nimekusikia wewe. Karatasi sijaisikia. Nipe."

Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Akaanza. Herufi moja, nyingine, akaziunganisha. M, u, mu. Uwanja mzima ulimsikiliza akivunja neno moja kama mtu anayevunja kuni mbichi. Habibu alisema afisa ana safari ndefu. Afisa akafunika kalamu, akavuta kiti cha mwalimu mkuu, akaketi.

Alipofika katikati ya mstari wa tatu bibi akakwama. Kidole chake kilirudi nyuma, kikaja, kikarudi.

"Shaibu," alisema bila kuinua macho. "Hii hatukuifikia."

Shaibu akatoa miwani mfukoni. Akainama juu ya bega lake, akinyoosha dole lake jeusi mbali na karatasi lisiichafue, akaonyesha kwa kidole kingine.

"Hiyo ilikuwa ukurasa wa kumi na tano," alisema. "Tuanzie hapo."